Daftari la Michango

Ninalo daftari moja la shule, la kurasa 64, lenye jalada la buluu lililopauka. Ndani yake mna majina 137 niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mbele ya kila jina pana kiasi cha fedha: sh. 200/-, sh. 500/-, wachache sh. 1,000/-, na mmoja, mama aliyekuwa akiuza vitumbua stendi ya mabasi ya Tanga, sh. 50/-. Fedha hizo zilitolewa mwaka 1994 ili kichapishwe kitabu. Ndugu msomaji, kitabu chenyewe ndicho hiki ulichokishika. Umechelewa kukipata kwa zaidi ya miaka thelathini, na walioanza kukilipia baadhi yao wako makaburini. Sababu nitaisema. Ila siwezi kuisema mpaka nimweleze kwanza mtu mmoja wa India aliyenitia wazo la kuchangisha, mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, maana alifariki wiki chache tu kabla sijakanyaga nchi yake.

Aliitwa John Abraham. Vijana wa leo wakilisikia jina hilo humdhania yule mcheza sinema wa Bombay mwenye kifua kipana na pikipiki. Siye. Huyu ninayemsema alikuwa mwongozaji wa filamu, mtu wa Kerala, mwembamba, mwenye ndevu na nywele zisizojua kitana, aliyezaliwa tarehe 11 Agosti 1937 katika jamii ya Wakristo wa kale wa pwani ile. Maisha yake yote alitengeneza filamu ndefu nne tu.

Nilifika mji wa Pune mwezi Julai 1987 kusomea biashara. Waafrika tulikuwa wengi Pune siku zile. Wakenya hasa, na sisi Watanzania kidogo. Hosteli ilinipanga chumba kimoja na kijana wa Kozhikode, mji ambao wazee wetu wa pwani waliuita Kalikuti. Yule kijana alikuwa msibani. Nilidhani amefiwa na baba. Kumbe aliyefariki ni mtengeneza filamu, tena hawakuwa na udugu wowote. Tarehe 31 Mei mwaka huo John Abraham alianguka kutoka juu ya paa la nyumba mjini Kozhikode, baada ya tafrija na marafiki, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Nikamwuliza mwenzangu, "Sasa wewe unamlilia kwa lipi? Mlifahamiana?"

Akanijibu, "Alichukua rupia yangu, akanirudishia filamu."

Jibu lile sikulielewa hata kidogo. Mimi nililelewa na picha za Kihindi kama kila mtoto wa mjini kwetu. Tulikwenda kumwangalia Raj Kapoor, tukaimba nyimbo zake bila kujua maana ya hata neno moja, tukalia pale mama anapolia. Katika picha zile fedha ilipita upande mmoja: wewe unalipa dirishani, unaingia, unaona, unatoka. Nani aliyetoa mtaji, na kwa nini, hayo hayakunihusu. Kwamba mtu anaweza kukuomba rupia moja kabla filamu haijakuwapo, na ukampa, lilikuwa jambo geni kwangu.

Basi usiku baada ya usiku, umeme ukikatika, mwenzangu alinisimulia. Mengine nimekuja kuyasoma baadaye.

John alizaliwa Kuttanad, nchi ya maji na mpunga, ambako mashamba yako chini ya usawa wa bahari na wakulima huyakinga kwa kuta za udongo. Alipomaliza masomo ya chuo aliajiriwa katika Shirika la Bima ya Maisha la India, akakaa ofisini miaka mitatu hivi huko Bellary. Hapo mimi husimama kidogo. Kazi ya bima ni kazi ya serikali, yenye mshahara na malipo ya uzeeni. Mtu wa kwetu akiiacha kazi ya namna hiyo kwa hiari yake, ukoo huitisha kikao. Yeye aliiacha, akaenda Pune kusomea filamu.

Chuo cha Filamu cha Pune kilianzishwa mwaka 1960 katika uwanja wa studio ya zamani iliyoitwa Prabhat. Nilikipita mara nyingi kwa baiskeli. Katikati ya miaka ya sitini alifundisha pale Ritwik Ghatak, Mbengali mmoja ambaye filamu zake kuhusu watu waliong'olewa makwao na mgawanyo wa 1947 hazikumletea utajiri wowote. Vijana waliokuwa miguuni pake walikuwa Mani Kaul, Kumar Shahani na John. Ghatak aliwafundisha mengi mazuri. Aliwafundisha pia, kwa mfano wake mwenyewe, kunywa. Alikufa mwaka 1976 akiwa na miaka 50. Mwalimu 50, mwanafunzi 49. Mimi ni mtu wa hesabu, tarakimu kama hizo hunikaa kichwani.

Mimi si mnywaji na sitaki kuupamba ulevi. Marafiki wa John, nilipokutana na wachache wao, walipenda sana kunisimulia visa vyake: jinsi alivyolala vibarazani mwa watu, jinsi alivyowasili saa tisa za usiku na kugonga mlango akitaka chai, jinsi alivyopewa nauli akaigawa kabla ya kufika kituoni. Walisimulia kwa upendo kana kwamba ni karama za walii. Mimi nilisikiliza nikamwaza mwenye mlango uliogongwa saa tisa. Mtu wa namna hii, nilijisemea, ungemkabidhi fedha za watu?

Naam. Lakini hebu tuzitazame kazi zake.

Filamu yake ndefu ya kwanza, ya mwaka 1972, iliitwa Vidyarthikale Ithile Ithile. Ni kisa cha wanafunzi waliovunja sanamu ya shule kwa mpira, ikawabidi kuhangaika kutafuta fedha za kuilipa. Mtu angedhani ni kichekesho cha watoto tu. Mimi huona kwamba tangu siku hiyo John alikuwa amekwisha shika swali lake: watu wasio na kitu wanapodaiwa, fedha huitoa wapi, na ni nani anayewapa?

Ya pili, ya 1977, aliitengeneza kwa Kitamili, si kwa lugha ya kwao. Iliitwa Agraharathil Kazhuthai, yaani punda katika mtaa wa Mabrahmin. Mwalimu wa chuo anamlea mwana-punda aliyefiwa na mamaye. Wenzake wanamcheka, basi anampeleka kijijini kwao, katika mtaa wa watu wa tabaka la juu, ambako msichana mtumishi, bubu, anamtunza. Kila balaa linalotokea kijijini linabandikwa kwa punda. Msichana yule anajifungua mtoto mfu, maiti ya kichanga inatupwa mbele ya hekalu, na punda analaumiwa, wanamwua. Akisha kufa wanaanza kuona miujiza, wanataka sasa kumjengea punda hekalu. Nilipoiona nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni, kwa sababu mtaa kama ule naujua, na hauko India. Filamu ile iliwaudhi sana Mabrahmin, na hapohapo ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamili.

Ya tatu, Cheriyachante Kroora Krithyangal, ilitoka 1979. Ni habari za mwenye shamba anayeshuhudia wakulima wakiuawa na polisi, akapagawa na hofu, akijiona kwamba dhambi ile ni yake. Mtu huyo alichezwa na Adoor Bhasi, mchekeshaji mkubwa wa Kerala. Fikiri, msomaji: mtu ambaye watu walizoea kucheka akijitokeza tu, sasa unamwona akitetemeka gizani. Sinema za biashara haziwezi kumkubalia mwongozaji mchezo kama huo. Na kwa kweli hazikumkubalia. Baada ya filamu ile John alikaa miaka saba bila kutoa nyingine.

Ndipo lilipokuja jambo ninalotaka kulieleza. Mwaka 1984 John na rafiki zake wa Kozhikode waliunda kikundi wakakiita Odessa, kwa jina la mji ule wa Bahari Nyeusi ulioko katika filamu maarufu ya Eisenstein. Shauri lao lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda: filamu itengenezwe kwa fedha za watu wa kawaida, kisha irudi kwa watu hao bila kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa sinema. Wakazunguka kijiji hadi kijiji wakipiga ngoma, wakiomba michango. Walibeba mtambo wa kuonyeshea picha, wakatandaza kitambaa, wakawaonyesha watu filamu ya Chaplin, ile ya mwaka 1921 iitwayo The Kid, habari za maskini anayemlea mtoto aliyeokotwa. Picha haina maneno, hivyo haikuhitaji mfasiri. Kisha bakuli likapitishwa. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mwanafunzi wa sekondari siku hiyo, akatoa rupia moja aliyokuwa amepewa ya nauli. Alirudi nyumbani kwa miguu, kilometa saba.

India ilikuwa imekwisha ona jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1976 Shyam Benegal alitengeneza Manthan kwa fedha za wafugaji 500,000 wa Gujarat, rupia mbili kila mmoja. Ni habari tukufu, na filamu ni nzuri. Lakini pale palikuwapo chama kikubwa cha ushirika wa maziwa. Fedha zilipatikana kwa kukatwa katika bei ya maziwa ya wanachama. Mimi niliyefanya kazi ya ushirika najua makato. Makato hayakutazami usoni. John na wenzake hawakuwa na chama wala makato. Walisimama mbele ya mtu mmoja mmoja na kumwomba.

Filamu iliyotokana na bakuli lile ilikamilika mwaka 1986. Jina lake Amma Ariyan, yaani, kwa maneno yetu, "ili mama ajue".

Niliiona likizo ya Diwali ya 1988, mwenzangu aliponichukua kwao. Tulikwenda kwa garimoshi usiku mbili kwa njia ya kuzunguka, maana reli ya Konkan inayofuata pwani ilikuwa haijajengwa. Ilikamilika mwaka 1998. Nilifika Kozhikode nikaona minazi, mafenesi, migomba, watu wamejifunga misuli kama baba yangu. Mama yake mwenzangu alitupakulia muhogo kwa mchuzi wa samaki. Nilipomwambia kwamba hicho ndicho chakula cha kwetu alicheka, akaniongeza, na tangu hapo akaniita mwanawe. Siku ya pili tulikwenda Beypore kutazama majahazi yakiundwa kwa msaji, makubwa kama nyumba. Ningeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu Beypore, lakini si leo.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa shule ya kijiji. Jioni ile ilinyesha, bati likapiga kelele hata sauti ya filamu ikawa inapotea, na mtu aliyeshika mtambo akawa anausimamisha mpaka mvua ipungue, kisha anaendelea. Hakuna aliyeondoka. Hapakuwa na tiketi. Mlangoni palikuwa na bakuli; mwenye chochote alitia, asiyekuwa nacho alipita.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana aitwaye Purushan anaondoka nyumbani kwao, katika milima ya Wayanad, kwenda Delhi. Mama yake anamtaka amwandikie, na filamu yote ni kama barua yake kwa mama. Njiani anakuta polisi na maiti ya kijana aliyekutwa amejinyonga. Sura inamsumbua, anahisi anamjua. Anaiacha safari ya Delhi, anatafuta rafiki mmoja, wanatafuta wa pili, mpaka maiti inapata jina: ni Hari, mpiga tabla, aliyekuwa katika harakati za mrengo wa kushoto na kuteswa na polisi. Basi wanaamua kwenda kumwarifu mama yake, aliye mbali kusini, Kochi. Wanateremka na pwani. Kila mji wanampitia rafiki mwingine, na karibu kila nyumba pana mama anayemwangalia mwanawe akichukua shati na kutoka. Wanaanza wawili watatu, wanafika kundi zima. Njiani filamu inaingiza mambo ya kweli ya Kerala ya siku zile, migomo ya wanafunzi wa udaktari, mahangaiko ya wavunja mawe. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na Venu, na kuunganishwa na Bina Paul, wote wawili vijana wakati huo. Waigizaji wengi hawakuwa waigizaji.

Sisemi kwamba ni filamu isiyo na kasoro. Mahali inachosha. Vijana wale wanahutubiana sana, na kuna nyakati nilitamani mtu acheke. Lakini nilikuwa nimekaa katikati ya watu walioelewa kila kitu. Wilaya ile ndiyo aliyochukuliwa mwanafunzi wa uhandisi, Rajan, mwaka 1976 wakati wa hali ya hatari, akafia mikononi mwa polisi, na baba yake akahangaika miaka mingi akiuliza mwanawe yuko wapi. Mle ukumbini kila mama alijua maana ya kundi la vijana wanaokuja kimya kuelekea mlangoni kwako.

Filamu ilipokwisha mwenzangu alimwonyesha mama yake kitambaa cheupe kilichobaki kitupu, akamwambia jambo kwa Kimalayalam. Nikamwuliza amesema nini. "Nimemwambia, ile rupia ya nauli ndiyo hii."

Nilirudi nyumbani 1990. Nikaajiriwa uhasibu katika chama kimoja cha ushirika, na usiku nikawa naandika. Kufikia 1994 nilikuwa na insha kumi na moja, kuhusu kambi za mkonge nilikokulia, kuhusu babangu, kuhusu mambo ya mtu na jirani yake. Wachapishaji wawili walinijibu kwamba kitabu cha insha hakina soko. Nikakumbuka Odessa. Nikanunua daftari la buluu.

Sikupiga ngoma. Nilikwenda na insha moja iliyopigwa taipu, nikiisoma barazani, msikitini baada ya swala ya alasiri kwa ruhusa ya imamu, kwenye kilabu cha walimu, hata stendi. Niliwaambia: kitabu kikitoka, kila aliyechangia atapata nakala yake. Sikuamini watu wangetoa. Walitoa. Utingo mmoja alinipa sh. 200/- akaniambia yeye hajui kusoma, lakini mtoto wake yuko darasa la pili. Katika miezi mitano nilipata sh. 62,350/-. Matbaa ilikubali kuanza kazi kwa malipo ya awali ya sh. 60,000/-. Fedha zilitosha. Ningeweza kwenda kesho yake.

Sikwenda kesho yake. Nilitaka kurekebisha insha mbili. Kisha ikaja Ramadhani. Kisha, mwanzoni mwa 1995, mama yangu akaugua. Nilichukua sh. 35,000/- kutoka bahasha ile, nikampeleka Dar es Salaam, nikamlipia dawa, vipimo na malazi ya sisi tuliomsindikiza. Alipata nafuu, tukarudi. Siku ya kurudi, ndani ya basi, aliniuliza, "Mwanangu, fedha zote hizi umezipata wapi?"

Nikamjibu, "Akiba yangu, mama."

Akanishika mkono akaniombea dua ndefu. Alipofika nyumbani aliwasimulia majirani. Watatu kati ya majirani hao majina yao yamo katika daftari. Walinitazama, hawakusema kitu.

Kama ningeishia kwenye ugonjwa wa mama, ningekuwa na utetezi mbele ya yeyote. Sikuishia hapo. Zilibaki sh. 27,350/-. Masika ya mwaka ule paa langu lilivuja, nikajisemea nitakopa huku nikirudisha kidogo kidogo mwisho wa mwezi. Nikanunua mabati. Mimi ambaye vitabu vyangu vya ofisini havikuwahi kupungua hata senti, niliyekuwa nikiwaandikia wenzangu barua za onyo kwa risiti iliyopotea. Mshahara wa mwezi ule ulipita, na wa mwezi uliofuata. Kadiri nilivyokawia ndivyo nilivyoanza kubadili njia nikimwona mtu wa daftari anakuja. Stendi nikaacha kushukia. Nilishuka kituo kimoja kabla.

Mama alifariki Machi 1996. Hakujua. Alizikwa akiamini mwanawe ana akiba.

Siku nyingi baadaye, usiku mmoja wa mvua, chini ya mabati yaleyale, nilimkumbuka John Abraham. Yule mlevi. Yule aliyelala vibarazani, ambaye mimi katika akili yangu ya kihasibu nilimpima na kuona hafai kukabidhiwa fedha za watu. Alichukua rupia zao kuanzia 1984, akawapa filamu yao 1986, na 1987 akafa. Hakubaki na deni lao. Na baada ya yeye kufa wenzake waliendelea kuibeba filamu ile na mtambo wao, mimi mwenyewe ni shahidi, kwenye vijiji vyenye mvua. Mimi nisiyegusa pombe, nisiyekosa swala, nilikaa na fedha za watu 137 nikizilalia.

Nimejaribu kujiuliza yeye alikuwa na nini nisichokuwa nacho. Wengine watasema kipaji. Sidhani. Nafikiri ni wale wenzake. John peke yake pengine angezinywa rupia zile. Sina haja ya kumsafisha. Lakini alikuwa katika kundi, kama lile la kwenye filamu yake, kila mtu anatoka kwao na shati lake, na anayechoka anasukumwa na wa nyuma. Mimi nilichukua sehemu moja tu ya shauri la Odessa, ile ya bakuli. Daftari nililiandika peke yangu, bahasha niliificha peke yangu, na nilipoanza kuitoboa hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Nilistaafu kazi miaka kadhaa iliyopita. Sehemu ya kiinua mgongo changu nimeilipa matbaa, nakala 300. Sikutaka kuongeza mchango wa mtu mwingine yeyote, ingawa mwanangu mkubwa alitaka kusaidia. Insha zile kumi na moja zimo, pamoja na nyingine nilizoandika baadaye, na hii ambayo haikuwapo katika ahadi. Nimeisoma kwanza kwa wale majirani watatu, amebaki mmoja, bibi wa miaka themanini na kitu, naye aliniambia, "Mama yako alijua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia. Alisema utakitoa." Sijui kama amesema kweli au amenihurumia. Sikumwuliza mara ya pili.

Nakala 137 nimezitenga, kila moja nimeiandika jina kwa kufuata daftari. Kati ya watu hao 58 nimethibitisha kwamba wamefariki. Vitabu vyao nitawapa watoto wao au wajukuu. Watu 23 sijui waliko. Utingo yule nimemsikia yuko Korogwe, ana duka la vipuri. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi, na safari hii nitapandia stendi. Mama wa vitumbua hayupo tena, lakini pale pale penye karai lake anauza binti yake, na kitabu cha sh. 50/- nitaanza nacho kwake kabla basi halijaondoka.